Shangazi, riwaya za mume wangu zinatumaliza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma. Mimi na mume wangu tuna duka la vitabu na stesheneri, si mbali na Nyerere Square. Tulilifungua mwaka 2019, serikali ikiwa imeshahamia huku na kila mtu anasema pesa sasa iko Dodoma. Nilikuwa mwalimu katika shule moja ya binafsi, nikaacha kazi. Akiba yangu ya SACCOS na kiwanja changu cha Nala nilichouza ndivyo vilivyojaza rafu za kwanza. Yeye alileta mashine ya kutoa kopi na uzoefu, maana alishafanya kazi kwenye duka la vitabu Dar es Salaam.

Shangazi, mume wangu anapenda vitabu kuliko anavyopenda kuviuza. Akienda Dar kufuata mzigo namwandikia karatasi: kauntabuku za kwaya tatu, rimu, kamusi, vitabu vya hesabu darasa la tatu. Siku hizi SGR imemrahisishia, anaondoka asubuhi na jioni yuko nyumbani, mzigo unafuata kwa basi. Nikifungua mzigo nakuta nusu ya nilivyoandika, na boksi zima la riwaya na mashairi. Nikiuliza ananijibu kwamba mkoa uliomzaa malenga Mnyampala hauwezi kukosa duka lenye ushairi. Maneno matamu, lakini anayezifuta vumbi kila asubuhi ni mimi, na vumbi la Dodoma unalijua. Nyingine nimezifuta mpaka jalada limepauka.

Nimepiga hesabu. Riwaya, tamthilia na mashairi yasiyokuwa ya mtihani, yaliyolala rafuni, yanafika laki tisa kwa bei ya kununulia. Laki tisa, Shangazi! Na kodi ya fremu tunalipa miezi sita kwa mkupuo, mwezi wa saba ndio huo unakuja.

Si hilo tu. Droo ya pesa ina ufunguo mmoja, nao ameufunga pamoja na wa pikipiki. Akitoka kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, kutafuta oda za maofisini, mimi nabaki natoa chenji kwenye pochi yangu. Lipa namba imesajiliwa kwa laini yake. Mteja akilipa kwa simu, inabidi nimpigie mume wangu nimuulize kama meseji imeingia. Yuko barabarani, hapokei. Mteja kasimama na kitabu chake mkononi, ananiangalia kama vile nimemwita tapeli. Juzi mzee mmoja aliniambia, "Basi mwite mwenye duka." Nikamwambia mwenye duka ni mimi. Akacheka.

Wifi yangu naye kila Januari anakuja na orodha ya madaftari ya watoto wake, anachukua, anaondoka. Ukimuuliza, hili ni duka la kaka.

Nyumbani hatuna mazungumzo tena. Ni wino wa mashine, rimu, nani kakopa, hata kitandani. Wakati wa uchumba alikuwa ananisomea mashairi. Sasa akifungua kitabu naona kama anafungua pochi yangu.

Na sasa kaja na jipya. Anataka tuchukue mkopo benki, milioni 15, dhamana iwe nyumba yetu ya Nkuhungu, tununue vitabu vya mtaala mpya kwa wingi tusambaze mashuleni. Hati ina jina lake, lakini benki wanataka na saini yangu. Anasema nikikataa nitakuwa nimeliua duka. Shule za kuchukua zipo, hata ile niliyokuwa nafundisha bado wanachukua kwetu, japo wana deni letu la milioni nne na laki mbili tangu Januari mwaka jana, ila mkuu wa shule ni mtu mzuri, ndiye aliyesimamia harusi yetu, atalipa tu.

Shangazi, nimwambie achague riwaya au mimi? Na hiyo saini, niweke au nisiweke?

Mama Wawili, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma hadi mwisho, kisha nikarudi kwenye ile sentensi uliyoipitisha mbiombio. Riwaya umeziandikia aya mbili, na vumbi lake, na majalada yake yaliyopauka. Laki tisa umeiwekea alama ya mshangao. Milioni nne na laki mbili umezitaja njiani tu, na hapo hapo ukamtafutia mdeni wako udhuru: mtu mzuri, alisimamia harusi, atalipa.

Deni la shule moja linazidi mara nne thamani ya riwaya zote za mumeo. Riwaya ziko rafuni, unaziona, ukitaka kesho unazishusha bei zinatoka. Vitabu vya shule ile vimeshachorwa na watoto, haviwezi kurudi. Sasa kwa nini nyumba yenu inagombana kwa sababu ya laki tisa na si milioni nne?

Mimi naona hivi. Riwaya ni za mumeo, na deni ni la kwako. Yule alikuwa bosi wako, akakusimamia ulipofunga ndoa, na hujui utamdaije mtu wa namna hiyo bila kukosa adabu. Mumeo naye analijua, hataki kukuudhi, kwa hiyo anazungumzia mkopo. Watu wawili wanaoona haya kumdai mtu mmoja wamekubaliana, bila kuambizana, wakadaiwe na benki.

Tuangalie hiyo biashara anayotaka kuikopea. Wewe ni mwalimu, haya mengi unayajua. Dodoma mvua ni msimu mmoja. Mgogo akishavuna uwele na mtama anajua ghala hilo ndilo la kumvusha hadi mvua nyingine, hakuna vuli ya kumwokoa katikati. Duka la vitabu vya shule mvua yake ni Januari. Julai kuna manyunyu ya muhula wa pili na kidato cha tano, na vyuo vikifungua, UDOM, St John's, Mipango, CBE, mnapata ya kopi na kauntabuku. Basi. Pesa ya Januari ndiyo ya kodi ya fremu, ya ada za watoto wenu, ya mzigo unaofuata. Shule inayochukua vitabu Januari na kukaa na pesa yenu imeondoka na ghala, na nadhani ndiyo maana mwezi wa saba unakutisha.

Vitabu vya mtaala mpya vina soko, simbishii mumeo. Lakini soko lenyewe ni lipi? Kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Shule za serikali zinapelekewa na serikali, haziji kununua kwenu kwa mamia. Taasisi hiyo hiyo imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, mzazi mwenye simu nzuri anavisoma bure. Wanaobaki ni wazazi mmoja mmoja na shule za binafsi, na shule za binafsi zinachukua kwa mkopo. Kwa hiyo mtachukua milioni 15 za benki, zenye riba inayohesabiwa kila mwezi, mkazigeuze vitabu, na vitabu mvikopeshe shule nyingine tano zenye wakuu wazuri. Marejesho ya benki hayasubiri mhasibu wa shule arudi likizo. Tena mtaala huu ulianza Januari 2024 na unaingia kwa awamu. Atakayejaza stoo bila kuuliza darasa lipi limeshahama na lipi bado anaweza kubaki na maboksi ambayo hata wauza vitumbua hawayataki siku hizi.

Saini yako usiiweke. Namaanisha kwa sasa, si milele.

Na usiogopeshwe na maneno ya kuua duka. Benki haikuombi saini kwa heshima tu. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inadai ridhaa hiyo. Jina kwenye hati liwe la nani, nyumba mnayoishi haiendi benki bila wewe. Mwambie mumeo kwa upole: nitasaini tukishakusanya angalau nusu ya deni la shule, na tukiwa na oda za maandishi, zenye muhuri, kutoka shule zinazokubali kutanguliza sehemu ya malipo. Akizipata hizo, huenda hata milioni 15 hamtazihitaji. Msambazaji akiona oda yenye muhuri na malipo ya awali anaweza kuwapa mzigo nusu taslimu nusu mali kauli, mlipe mkishauza.

Sasa droo. Hapa uko sahihi kabisa, na umekuwa mpole mno. Lile jambo la mteja kusimama akisubiri mumeo apokee simu limenikera kuliko riwaya zote. Linafukuza wateja kila siku, na mteja wa Dodoma hafokei mtu, anaenda zake kimya kimya duka la pili. Nunueni kisimu cha bei rahisi, laini ya duka, lipa namba ihamie huko, na kisimu hicho kisitoke dukani hata mumeo akiwa anakwenda Chamwino Ikulu. Ufunguo wa droo uchongwe wa pili. Mafundi wapo tele pale sokoni Majengo, ni kazi ya dakika chache, usisubiri kikao cha familia.

Baada ya hapo ndipo mje kwenye karatasi. Leseni, jina la biashara BRELA, akaunti, lipa namba, vyote kwa barua yako nahisi viko kwa jina moja. Wewe uliuza kiwanja. Kifungu cha 60 cha Sheria ile ya Ndoa kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, mahakama inaanza kwa kudhani ni yake mwenyewe, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, inaanza kwa kudhani mna haki sawa. Sikuambii haya kwa sababu ya talaka, Mungu apishie mbali. Watu hufa, na mawifi hubaki. Huyo anayesema "duka la kaka" leo kwa madaftari, siku ya matanga atasema kwa fremu nzima. Ukisikia mtu anadai mke hakuchangia, mjulishe kwamba Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wewe uliyetoa kiwanja utashindwaje kujieleza? Lakini karatasi ya uuzaji wa hicho kiwanja unayo? Itafute, uiweke pamoja na vyeti vyako.

Msikurupuke tu kubadilisha usajili wiki hii. Kodi ya makadirio ni ya mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka. Mkisajili ubia wa watu wawili, ubia unakuwa na TIN yake na hesabu zake, na mambo yenu na TRA yanabadilika. Kaeni kwanza na mhasibu. Wakati mnasubiri, andikeni makubaliano yenu wawili, nani alitoa nini na nani ana sehemu gani, yasainiwe mbele ya wakili, na akaunti ya duka ifunguliwe kwa majina mawili.

Na mjilipe mshahara. Wote wawili, hata kama ni laki laki kwa kuanzia, siku moja ya mwezi, kwa daftari. Mnavyokwenda sasa, kila mmoja anakula dukani kwa mlango wake: wewe pochi yako inatoa chenji na hairudishiwi, yeye anabeba boksi la mashairi, wifi anabeba madaftari. Kila mmoja anamwona mwenzake mwizi na hakuna aliyeiba. Shangazi yenu nimeona ndoa za wenye maduka, ya nguo, ya dawa, ya pembejeo. Zilizodumu si zile ambazo mke na mume wanapendana sana, ni zile ambazo mama akitaka viatu anavinunua kwa mshahara wake bila kueleza.

Kuhusu wifi sitakuchosha. Aandikwe kwenye daftari la madeni kama jirani yeyote, na wa kumwambia ni kaka yake, wewe usitie neno. Mkipenda kumsaidia ada au madaftari, mtoe kwenye mishahara yenu.

Nirudi kwa riwaya, maana mumeo sitaki nimwache bila mtetezi. Mji wenu si ule wa mwaka 2000. Tangu 2016 maofisa wamehamia na familia zao, wamejaa Area C, Area D, Kisasa, Iyumbu. Ni watu wenye mshahara, wenye jioni ndefu, wengi wao walizoea kununua kitabu kule Dar. Madaftari watayapata popote, hata kwa machinga. Kitabu kizuri cha Kiswahili hawakipati kila kona, na anayeingia kwa ajili ya riwaya moja hutoka na kalamu, bahasha na kopi kumi. Riwaya zenu hazitoki kwa sababu ziko kwenye rafu ya ndani, nyuma ya rimu, sivyo? Kama ziko mbele na majalada yamepauka kwa jua, basi mumeo hajui kuuza, na hilo linafundishika.

Mpe bajeti. Mashine ya kopi na laminesheni ndiyo iwalishe washairi: kila mwisho wa mwezi mkifunga hesabu, kiasi mlichokubaliana kutoka faida ya mashine kiwe chake, anunue anachotaka, na asihojiwe. Kikiisha kimeisha, orodha yako ya kauntabuku haiguswi. Azungumze na wachapishaji kuhusu mali kauli pia. Kwa fasihi wapo wanaokubali kukupa nakala chache ukalipa zikishauzwa, hasa ukiwa na jina la kulipa kwa wakati. Kilichokaa mwaka mzima kishushwe bei, akakipange mezani mlangoni siku ya Ijumaa jioni watu wakitoka kazini, na akiuze kwa mdomo wake ule uliokuchumbia. Na vumbi afute yeye.

Lile swali la achague riwaya au wewe, usilimuulize kabisa. Mwanamume aliyekutongoza kwa mashairi anaweza kukujibu kwa ubeti, ukabaki hujui umeshinda au umeshindwa. Hesabu mzifanyie dukani, Jumamosi mkishafunga mlango, mlango wa nyumbani ukifunguliwa habari za wino zimekwisha. Wiki mbili za kwanza mtakaa kimya kama wageni kwa kukosa la kusema. Mvumilie.

Tumalizie na mkuu wa shule, maana ndiye hasa uliyeniandikia habari zake bila kujua. Kusanya hati zote za kupokelea mzigo, angalia nani alisaini kila moja. Andika ankara moja inayojumlisha zote, tarehe kwa tarehe, igonge muhuri wa duka, toa nakala. Shule zinafungua Julai na wiki hiyo ndiyo wazazi wanalipa ada. Ukichelewa hadi Agosti utaambiwa pesa imeingia kwenye chakula na mishahara. Nenda wiki hiyo, asubuhi, ofisini. Nyumbani kwake usiende, huko utapewa soda na utarudi umeshiba mikono mitupu. Mwamkie, muulize hali ya familia, mshukuru kwa harusi ukipenda, kisha weka karatasi mezani.

Shule nyingi za binafsi anayeidhinisha malipo si mkuu, ni meneja au mwenye shule. Inawezekana kabisa huyo mtu mzuri ankara zako amezifungia kwenye droo kwa sababu naye anaona haya kwa bosi wake. Mwombe mwende pamoja kwa mhasibu. Kama hawawezi kulipa zote, kubali awamu tatu zenye tarehe, kwa maandishi, ya kwanza siku hiyo hiyo. Akikuambia watalipa tu, muda si mrefu, mwombe aandike tarehe na asaini, na oda yao ya Julai isitoke dukani kabla hajafanya hivyo.

Shangazi